Dawa Iliyofuata Zamu

Edina Mgaya alijifungua salama saa tatu na nusu asubuhi, mtoto wa kike wa kilo tatu na robo, na ilipofika saa tano kasorobo alikuwa amekufa. Katika saa moja na robo hiyo, aliyekuwa kando ya kitanda chake ni Atuganile Mwaisaka, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo cha Uuguzi Ilundamasi. Binti huyu wa miaka ishirini na miwili alikuwa ameongoza darasa lake katika somo la ukunga mihula miwili mfululizo.

Atuganile hakutoroka kazi wala hakusinzia. Kila baada ya robo saa alisoma vipimo ambavyo mkanda uliofungwa mkononi mwa Edina ulivituma kwenye kishikwambi chake. Mapigo ya moyo themanini na nane. Baadaye mia moja na nne. Baadaye mia na ishirini na sita, na presha inashuka. Aliondoa pedi iliyolowa akaweka nyingine, na hiyo nayo akaiondoa. Yote aliyaandika, hakuruka hata mstari mmoja. Angeulizwa kwenye mtihani angejibu bila kusita: mzazi huyu anavuja damu, mfuko wa uzazi haujakaza, ita msaada, kanda tumbo, choma sindano, weka dripu. Maarifa yote alikuwa nayo. Kilichokosekana ni ule msukumo unaomfanya muuguzi aache kishikwambi kidondoke chini na akimbie.

Sista wa zamu alikuwa chumba cha tatu kutoka pale, na wazazi kumi na wanane wengine mikononi mwake. Angeitwa, angefika kwa dakika moja. Hakuitwa.

Edina alisema anasikia baridi. Atuganile akamfunika kitenge cha pili, akamwekea vizuri miguuni. Edina akamshukuru, akamwita dada. Hakusema neno jingine tena.

Aliyegundua ni mama yake, Mama Mgaya, aliyeingia na chupa ya uji na kumkuta binti yake ana midomo myeupe. Yeye ndiye aliyeita. Sista alikuja mbio, akafanya yote yanayopaswa kufanywa huku machozi yanamtiririka, na daktari akafika, na vyote hivyo vilikuwa vimechelewa kwa dakika ishirini hivi. Atuganile alishika dripu alipoambiwa ashike. Alipoambiwa aandike saa, aliandika saa.

Mama Mgaya alimtazama.

"Wewe ulikuwa hapa muda wote?"

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona."

 Yule mama alikaa sakafuni, chupa ya uji ikiwa bado mkononi.

Mchana Atuganile alikwenda bwaloni, akala ugali na maharage, akamaliza. Alikuwa anaosha sahani yake alipotambua kwamba amemaliza. Alijaribu kuogopa. Alijaribu kulia, kwa makusudi kabisa, akimfikiria Edina na kile kitenge cha pili. Ilikuwa kama kubonyeza swichi siku umeme umekatika. Ndipo mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, mahali palipokuwa na kitu kigumu chini ya ngozi.

*

Kitu hicho walikiita punje, kwa sababu kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Jina lake rasmi lilikuwa refu na lilikuwa na neno ustahimilivu ndani yake. Kilipima mapigo ya moyo, jasho, na kemikali ambazo mwili huzimwaga damuni mtu anapobanwa na hofu. Ndani yake kulikuwa na vyumba viwili vya dawa. Cha kwanza kilitoa dawa ya sonona, kidogo kidogo kila siku, bila kujali mtu ana sonona au hana. Cha pili kilikuwa na dawa ya kukata hofu, nacho kilifunguka chenyewe pale vipimo vilipovuka kiwango kilichowekwa. Mwenye mkono hakusikia chochote. Alitulia tu.

Punje ililetwa chuoni baada ya mwaka mmoja mbaya. Wanafunzi saba waliacha masomo, na wa nane, kijana mpole wa mwaka wa pili, alijiua wakati wa likizo. Wazazi walipiga kelele, magazeti yakaandika, na wizara ikataka majibu. Jibu lililopatikana halikuwa kupunguza zamu za wanafunzi waliokuwa wakifanya kazi za waajiriwa wawili, wala kuongeza wauguzi wodini. Mshauri nasaha aliyekuwapo alihamishwa, hakuletwa mwingine, na chumba chake kikawa stoo ya makasha ya punje. Wanafunzi wote mia moja na arobaini na wawili walipangwa foleni ukumbini, wakatia sahihi, wakachomwa. Kwenye fomu neno hiari liliandikwa kwa herufi nene. Aliyekataa hakupangiwa wodi, na asiyepangiwa wodi hahitimu. Hiari ya namna hiyo hata ng'ombe anayo mnadani.

Na hakuna daktari aliyekaa na hata mmoja wao akamuuliza analalaje.

Kesho yake Atuganile alikwenda ofisini kwa Madamu Benigna Komba, mkufunzi wa uuguzi wa afya ya akili. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nane, mfupi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiandika barua za kulalamikia punje na kujibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Atuganile alimweleza habari za Edina kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti ileile ya kutoa ripoti ya zamu. Madamu Benigna alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

Alimwambia kwamba mgonjwa yeyote ana haki ya kuona kumbukumbu za dawa aliyopewa, na kwamba kwa hesabu yake mtu anayepewa dawa ni mgonjwa, hata kama hakuna aliyemwita hivyo. Akasogeza kisomeo, kifaa cha kusomea punje, karibu na mkono wa Atuganile. Kumbukumbu zikajipanga kwenye kioo, miaka mitatu yote.

Asubuhi ya jana chumba cha pili kilikuwa kimefunguka mara tatu. Mara ya kwanza saa nne na dakika tano, mara ya pili saa nne na robo, mara ya tatu saa nne na nusu. Atuganile alizitazama saa zile akazilinganisha kichwani na vipimo vya Edina. Mwili wake ulikuwa umeona. Mara tatu mwili wake ulikuwa umepiga kelele kwamba mtu huyu anakufa, na mara tatu punje ikaufunga mdomo.

"Kwa hiyo niliogopa," alisema.

"Uliogopa vizuri kabisa," Madamu Benigna akamjibu. "Kama muuguzi."

Kisha Madamu aliona jambo jingine, akavaa miwani yake, akasogea. Kile kiwango cha kufungulia chumba cha pili hakikuwa kimoja siku zote. Siku nyingine kilikuwa juu, hivyo ilihitajika hofu kubwa ndipo dawa itoke. Siku nyingine kilishushwa mpaka hata kushtuka kidogo kulitosha. Alichukua ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, akaiweka kando ya kioo. Wakakagua tarehe moja moja, wiki baada ya wiki. Siku wodi ilipokuwa na wauguzi wa kutosha, kiwango kilikuwa juu. Siku wauguzi walipopungua, kiwango kilishushwa tangu alfajiri, kabla mwanafunzi hajavaa hata sare. Jana yake kilikuwa chini kuliko siku zote za mwezi ule.

Dawa haikuwa ikifuata moyo wa mtu. Ilikuwa ikifuata zamu.

 Madamu Benigna aliposema, sauti yake ilikuwa nzito. Alisema kwa miaka thelathini na mbili amewapa watu dawa za akili, ameona watu waliokuwa wamefungwa kamba nyumbani kwao wakirudi shambani na kanisani, na kwamba yeyote anayezidharau dawa hizo atagombana naye. Lakini hajawahi kuona mtu anapewa dawa kwa sababu mtu mwingine hakuja kazini.

*

Kokuhirwa, ambaye wote walimwita Koku, alilala kitanda cha chini na Atuganile cha juu tangu wiki ya kwanza ya chuo. Atuganile alimweleza yote jioni ileile. Alidhani Koku angekasirika pamoja naye. Koku alikunja sare yake taratibu, akaiweka kabatini, akaketi.

Alimkumbusha mambo ambayo Atuganile alikuwa ameyasahau. Kwamba kabla ya punje, miezi miwili ya kwanza, Koku alikuwa haogi siku tatu. Kwamba alikuwa anaamka saa tisa za usiku na kukaa tu. Nyumbani walisema ni uvivu, kisha wakasema ni mapepo, kisha wakamleta chuoni wakitumaini atachangamka. Hakuwahi kumwona daktari. Punje ilipowekwa, wiki ya nne, aliamka siku moja akatamani chai.

"Wewe imekunyang'anya hofu," Koku alisema. "Mimi imenipa asubuhi. Ukienda kusema, watazima zote. Hawatachambua huyu na yule."

Atuganile alisema dawa inayomsaidia Koku ni ile ya chumba cha kwanza, na inaweza kupatikana kwa vidonge, kwa daktari, kama watu wote wanavyopata. Koku akamuuliza ni daktari gani. Hospitali ile haikuwa na daktari wa akili. Alikuwapo mmoja, Daktari Sanare, hospitali ya rufaa, mwendo wa saa tano kwa gari, na orodha ya wanaomsubiri ilikuwa ya miezi minne.

Hakuna aliyepandisha sauti. Koku alisema hamwambii asiseme. Anamwomba tu ajue anachokwenda kukifanya, na kwa nani.

Kikao cha kupitia kifo cha Edina kilipangwa baada ya siku sita. Siku hizo zote Atuganile aliibeba kauli ile. Wakati huohuo Madamu Benigna, kwa idhini aliyoiandika na kuitia sahihi yeye mwenyewe, alianza kupunguza dawa ya Atuganile kwa kisomeo kile, hatua kwa hatua, maana kuikata ghafla kungemwangusha. Siku ya nne, mchana, Atuganile alikuwa chumba cha kufulia akikamua mashuka huzuni ilipomjia. Aliona midomo ya Edina, akasikia akiitwa dada, akashika ukingo wa karo la zege kwa mikono miwili na kulia mpaka mashuka yakamwanguka miguuni. Akalia na siku ya tano. Ilimuuma sana, na alijua kwamba maumivu yale ni yake na alistahili kuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Alimpigia simu Daktari Sanare mara nane. Mara ya tisa akampata, akamweleza kwamba kuna mwanafunzi mmoja ambaye huenda dawa yake ikakatwa. Daktari alisema alete barua kutoka kwa mkuu wa chuo. Madamu Benigna aliiandika barua ile. Mkuu hakuitia sahihi.

*

Kikao kilifanyika saa nne asubuhi katika chumba cha mikutano cha hospitali. Walikuwapo daktari mkuu, sista wa zamu ya siku ile, Atuganile aliyeitwa kutoa maelezo, ofisa wa wilaya, mwakilishi wa kampuni ya punje akionekana kwenye kioo cha ukutani, na Mkuu wa Chuo, Bwana Hamidu Chilongola. Mama Mgaya hakualikwa. Kwa taratibu zao ndugu wa marehemu husomewa matokeo.

Rasimu ya matokeo ilikuwa tayari imeandikwa. Ilisema chanzo kikuu cha kifo ni mzazi kuchelewa kufika kituoni.

Atuganile aliisoma sentensi ile mara mbili. Edina alifika saa kumi na mbili asubuhi, akitembea kwa miguu yake, akiwa na kadi ya kliniki iliyojazwa mahudhurio yote. Alifika mapema kuliko inavyotakiwa. Alifanya kila aliloambiwa na hospitali ile kwa miezi tisa, na sasa walitaka abebe kaburini kosa la waliokuwa wamesimama kando yake. Ni hapo Atuganile alipoacha kujiuliza kama atasema.

Aliomba nafasi. Alisema mzazi hakuchelewa, kadi yake ipo. Alisema aliyekuwa kando ya kitanda ni yeye, aliona damu, hakuita mtu, na hatajificha nyuma ya kifaa chochote: mkono ni wake na macho ni yake. Kisha akaweka mezani kumbukumbu za punje na ratiba ya zamu, tarehe kwa tarehe, akawaomba wasome wenyewe. Akaomba jambo la mwisho, na hili alilirudia mara mbili ili liandikwe. Punje zisizimwe kwa mara moja. Wapo wanafunzi wanaoihitaji dawa kwelikweli. Kila mmoja aonwe na daktari kwanza.

 Ofisa wa wilaya alisoma karatasi zote mbili, kisha akamuuliza Bwana Chilongola ni nani aliyekuwa akishusha kiwango.

Bwana Chilongola hakukana. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, si mtu mbaya wa hadithi, na labda hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alisema yeye ndiye aliyekwenda kumzika yule kijana wa mwaka wa pili, na yeye ndiye aliyeshika mkono wa baba yake makaburini. Aliapa palepale haitatokea tena. Akasema kampuni ilimfundisha kushusha kiwango siku za kazi nzito, naye aliona wanafunzi wanamaliza zamu bila kuanguka, akashukuru.

"Wodi ina wazazi kumi na tisa na wauguzi wawili," alisema. "Nimeomba watu miaka mitano. Watu sina. Punje ninazo. Mlitaka nifanye nini?"

Sista wa zamu, ambaye muda wote alikuwa ameinamia meza, ndiye aliyemjibu. Alisema siku ile kulikuwa na muuguzi mmoja, si wawili. Wa pili ni huyu binti, na mkuu alijua, kwa sababu ndiye aliyempanga. Akasema kama watoto hawa wangeruhusiwa kulia, wangelia miaka mitatu iliyopita, na kelele zao zingesikika mpaka huko watu wanakoombwa. "Umewanyamazisha," alisema, "halafu ukaandika kwamba kuna utulivu."

Matokeo yalirekebishwa. Maneno ya kuchelewa yalifutwa. Bwana Chilongola alisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na Atuganile naye akasimamishwa masomo mwaka mmoja kwa uzembe. Hakupinga. Ofisa wa wilaya aliandika kwamba wanafunzi waonwe na daktari mmoja mmoja kabla dawa haijaguswa.

Lakini mwakilishi wa kampuni hakungoja. Pengine aliyasikia maneno uchunguzi na kifo katika sentensi moja, na hayo yalimtosha. Saa tisa alasiri, kutoka ofisi iliyokuwa mbali mno kujua Ilundamasi ina baridi au joto, punje zote mia moja na arobaini na mbili zilizimwa kwa amri moja. Chuo kilitumiwa ujumbe wa kuwatakia wanafunzi afya njema.

*

Siku mbili za kwanza bweni zima liliumwa. Wasichana walishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi, walitapika, walisikia kama shoti za umeme kichwani. Wengine walicheka bila sababu kisha wakaangua kilio kwa ajili ya wagonjwa waliokufa mwaka uliopita. Madamu Benigna alihamia bwenini na godoro lake. Alizunguka kitanda kwa kitanda na ndoo na maji ya chumvi na sukari, akiwaeleza kila mmoja kinachotokea mwilini mwake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewaeleza tangu wachomwe.

Koku hakutapika. Koku aligeukia ukutani.

Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakunywa. Atuganile, ambaye alipaswa kuwa ameondoka chuoni, alikaa sakafuni kando ya kitanda kile na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Alimwomba msamaha. Saa nyingi zilipita, kisha Koku akasema, akiwa bado amegeukia ukuta, "Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Na ukasema."

"Ndiyo. Nikasema."

Madamu Benigna alikuja, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamshika Koku begani. Hakumwambia ajipe moyo, wala hakumwambia aombe. Alimuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru. Atuganile alishtuka kusikia swali lile limesemwa wazi hivyo, mchana, kana kwamba anaulizwa kama kichwa kinauma.

Koku akasema, "Jana nilifikiria. Leo nimechoka hata kufikiria."

"Asante kwa kuniambia," Madamu akasema. "Basi hutakuwa peke yako hata dakika moja."

Na hakuwa. Walipeana zamu, Madamu, Atuganile na wasichana wanne wa chumba kile, wenyewe wakiwa bado wanatetemeka. Waliondoa chumbani vitu vya hatari, wakamnywesha uji kwa kijiko. Madamu Benigna alimpigia Daktari Sanare. Safari hii hakuomba. Alimwambia jina la mwanafunzi, umri, dawa aliyokuwa akipewa kwa miaka mitatu, kiasi chake, saa iliyokatwa, na maneno aliyoyasema mchana ule. Akamwambia anaandika saa ya simu hii, na anaandika pia jibu atakalompa.  Daktari akaagiza vidonge vya dawa ileile kutoka famasi ya hospitali, viandikwe kwa jina la Kokuhirwa, na akasema atakuja mwenyewe Jumatano ya wiki inayofuata.

Siku ya saba tangu aanze vidonge Koku aliomba kuoga. Hakumsemesha Atuganile, ila alimruhusu ambebee maji.

*

Daktari Sanare alifika Jumatano saa tatu asubuhi, mwanamke mrefu mwenye begi moja. Walimpa kile chumba kilichokuwa cha ushauri nasaha. Makasha ya punje yalikuwa yamerundikwa nje kwenye ukumbi, na wanafunzi walilazimika kuyapita ili wafike mlangoni.

Koku aliitwa wa kwanza. Alisimama, akatembea hatua mbili, akasimama tena. Bila kugeuka alinyoosha mkono nyuma, na Atuganile akaushika. Wakaingia wote wawili.

Daktari alisogeza kishikwambi pembeni, akakilaza kifudifudi. Alimuuliza Koku hali yake ilianza lini. Koku alimtazama Atuganile, akarudi kumtazama daktari. Alisema tangu akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba hajui aanzie wapi, kwa sababu hajawahi kuulizwa.

"Anza popote," daktari alisema. "Sina haraka na wewe."

Atuganile alitoka akawaacha. Ukumbini foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi, ikashuka, ikazunguka jengo. Wanafunzi mia moja na arobaini, daktari mmoja, Jumatano moja. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa pamebandikwa ratiba ya zamu ya wiki inayofuata, imetiwa sahihi na kaimu mkuu wa chuo. Wodi ya wazazi: muuguzi mmoja, mwanafunzi mmoja. Aliisoma akasikia hasira ikimpanda mpaka masikioni, moto na nzima, na hapakuwa na kitu chochote chini ya ngozi yake cha kuituliza. Aliibandua ratiba ile. Akachukua kalamu, akaanza kuandika nyuma yake barua ya kwenda kwa ofisa wa wilaya, akiegemea ukuta. Aliyekuwa mbele kwenye foleni alimuuliza anaandika nini. Alipoambiwa, akasema naye aandikwe jina. Wa nyuma yake akasema hivyohivyo.

Karatasi ilipokuwa inapita mikononi mwao, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekaa kwenye ngazi, alianza kulia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.